Nusura nimuue mpwa wangu, sasa mke wangu anataka bastola itoke

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, nina mke na watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Tunaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, sehemu ambayo nyumba bado ziko mbalimbali na taa za barabarani hazijafika. Nina duka la vifaa vya ujenzi, na pembeni nafanya uwakala wa kutuma na kutoa fedha.

Mwaka 2019 nilivamiwa wakati nafunga duka. Vijana wanne, wana mapanga. Walimkata mlinzi wangu mkono, mimi wakanilaza kifudifudi kwenye vumbi la saruji, wakabeba mauzo ya siku tatu. Harufu ya lile vumbi mpaka leo nikiipata moyo unaenda mbio, na ndiyo biashara yangu, naipata kila siku.

Baada ya hapo nikaomba kumiliki silaha. Nilianzia serikali ya mtaa, nikaenda kata, wilaya, polisi, alama za vidole, picha, barua juu ya barua. Ilinichukua zaidi ya mwaka. Siku nilipokabidhiwa bastola nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nivamiwe. Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, walipotusumbua tena mwaka 2022, majirani walikuwa wananipigia mimi kabla ya kupiga polisi. Nalala nayo chini ya mto, risasi ikiwa chemba, maana niliambiwa mwizi hasubiri ukoki.

Sasa Mama, mwezi wa sita mwaka huu, kwenye saa nane usiku, umeme umekatika, nikasikia kishindo upande wa stoo. Kama mtu ametua kutoka ukutani. Kisha bati likalia. Sikumwamsha mke wangu. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, pekupeku. Nikaona mtu amevaa sweta la kofia, amejibanza ukutani, mkononi ana kitu kirefu kinang'aa. Nikajua ni panga. Nikanyoosha bastola, kidole kwenye triga, nikaanza kubana. Nakumbuka jinsi kile chuma kilivyoanza kurudi nyuma. Yule mtu akajikwaa kwenye ndoo ya kuchezea ya mwanangu, akasema, "Aa, jamani!" Ilikuwa sauti ya mpwa wangu.

Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 20, amemaliza chuo cha ufundi cha VETA, tunakaa naye. Alikuwa Kibaha kwenye kazi ya kuweka vigae, fundi wake akachelewa kumaliza, lori likamshusha barabarani usiku huo. Simu imezima chaji. Ufunguo wa geti ninao mimi peke yangu. Akaona akigonga atatushtua, akaruka ukuta. Kile kitu kirefu kilikuwa pima maji ya alumini, ile ya fundi kupimia usawa. Mpya. Ameinunua kwa malipo yake ya kwanza.

Aliiona bastola. Hakusema kitu, alikaa chini pale pale. Asubuhi akaniambia, "Mjomba, mimi sina shida." Tangu siku ile analala gereji kwa rafiki yake, anakuja kwetu mchana tu kusalimia. Dada yangu hajui lolote.

Wiki tatu baadaye tulikuwa kwenye foleni Gongo la Mboto, bajaji ikanikwangua ubavuni mwa gari. Nikashuka. Dereva, kijana mdogo, badala ya kuomba radhi akanitukania mama yangu mbele ya watu. Mama yangu ni marehemu. Nilipojitambua mkono wangu ulikuwa kiunoni, ndani ya shati. Sikuitoa. Hakuna aliyeona isipokuwa mke wangu, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hatukuongea mpaka nyumbani. Usiku akasema, "Baba fulani, yule hakuwa mwizi." Halafu akasema mwezi huu ukiisha, ama bastola iwe imetoka ndani ya nyumba hii, ama yeye na watoto watakuwa Morogoro kwa mama yake.

Mama, mimi si mtu wa vurugu, sijawahi hata kumpiga kofi mke wangu. Lakini nikiirudisha, nitalala kama kuku anayesubiri kuchinjwa. Usiku naamka saa nane hata kukiwa kimya, nazunguka nyumba. Mtoto wangu mdogo akiota vibaya anakuja kulala katikati yetu na anajisikia salama kwa sababu baba yupo. Rafiki zangu wanasema mke wangu anakuza mambo. Wanasema sheria iko wazi: mtu akiruka ukuta wako usiku ukamuua hakuna kesi, na akiangukia nje mburute umwingize ndani.

Nishike lipi? Nibaki na silaha nipoteze familia, au niirudishe nibaki na familia nisiyoweza kuilinda?

Baba wa watoto wawili, Chanika

*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Pole ya mwaka 2019, maana naona kama hakuna aliyekupa ukaipokea, na pole ya usiku wa mwezi wa sita.

Barua yako niliisoma jioni, nikaiweka, nikairudia asubuhi. Unaniuliza uchague bastola au mke. Naielewa hivyo kwa sababu ndivyo ulivyoiandika, na mkeo naye amekuwekea tarehe. Lakini niliposoma mara ya pili niliona mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja: uoga ulioingia ndani yako ukiwa umelala kwenye vumbi la saruji, hasira iliyokushika kwenye foleni, na kijana wa miaka 20 anayelala gereji. Bastola imepita katikati ya yote matatu, lakini ukiitoa kesho asubuhi, yote matatu yatabaki yanakusubiri. Kwa hiyo niruhusu niyafungue moja moja, na tarehe ya mkeo tutaifikia.

Nianze na marafiki zako, kwa sababu hao wananitia hofu kuliko wezi. Nilimwomba wakili mmoja tunayefahamiana anisomee Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, taratibu, kama anamsomea mama yake. Kifungu cha 18 kinakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali yako. Hapo marafiki zako wako sawa. Lakini wameishia hapo, nacho kifungu kinaendelea. 18B kinasema nguvu unayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika, na ukizidisha mtu akafa, umeingia kwenye kosa la kuua bila kukusudia, ambalo kifungo chake kinaweza kufika maisha. Kifungu kinachofuata kinazungumzia pale utetezi unapoleta kifo, na humo kuna maneno niliyomwomba wakili ayarudie: uwe umeamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba ilibidi.

Sababu za msingi. Usiku ule ulikuwa na zipi? Kishindo, sweta la kofia, kitu kinachong'aa. Jiweke kizimbani kidogo. Wakili wa serikali anakuuliza: ulimuuliza "wewe nani"? Ulikuwa na tochi? Alikuwa anakuja kwako, au alikuwa amejibanza? Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, kwa nini uliufungua ukamfuata nje? Pengine mahakama ingekuelewa, maana Chanika saa nane usiku bila umeme si mchezo, na jaji naye ana nyumba. Pengine isingekuelewa. Hakuna rafiki yako hata mmoja ambaye angesimama hapo badala yako.

Na hili la kuburuta maiti, baba, ukilisikia tena ondoka hapo. Damu hairudi ilikotoka. Mtu aliyekuwa na utetezi mzuri akishaburuta, ametengeneza ushahidi dhidi yake mwenyewe kwamba alijua amekosea.

Utakuwa umesikia habari za Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini. Tarehe 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alisema alidhani ni mvamizi. Mwanzoni alitiwa hatiani kwa kosa dogo kuliko mauaji, lakini Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikabadilisha, ikasema ni mauaji. Hoja yao ilinikaa kichwani: haijalishi alidhani nyuma ya mlango yuko nani. Alijua kuna mtu, na alijua risasi nne kwenye kijichumba kile zingeweza kumuua mtu huyo. Ile ni sheria yao, si yetu, sisemi ungehukumiwa hivyo. Nakuletea swali tu: ulijua kuna mtu. Hukujua ni nani.

Nchi hiyo hiyo, mwaka 2004, kuna mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya raga, Rudi Visagie. Alfajiri alisikia gari la bintiye linaondoka uani, akaamini linaibiwa, akapiga risasi kutoka dirishani. Aliyekuwa anaendesha ni binti mwenyewe, miaka 19, anakwenda kwa mpenzi wake. Waendesha mashtaka hawakumpeleka mahakamani. Waliona adhabu aliyonayo inatosha. Hili nakuandikia kwa sababu ya marafiki zako wanaosema "hakuna kesi". Huyu kwake kweli haikuwepo kesi.

Sasa turudi ukutani kwako. Kuna kitu kimenigusa kwa mpwa wako: aliruka kwa adabu. Hakutaka kuwashtua. Sisi tumelelewa kupiga hodi, na mwenye nyumba kabla ya kusema karibu huuliza "nani?". Hilo neno moja hutupa muda wa kujuana kabla hatujaonana. Kijana wako alilikwepa kwa heshima, wewe ulilikwepa kwa uoga. Na usidhani hodi peke yake inaponya. Marekani, huko Kansas City, Aprili 2023, kijana wa miaka 16 aitwaye Ralph Yarl alikwenda kuwachukua wadogo zake, akakosea nyumba, akabonyeza kengele ya mzee wa miaka 84. Alipiga hodi, naam. Mzee alimpiga risasi kupitia mlango wa kioo. Kwa neema ya Mungu kijana akapona. Mzee alisema aliogopa, na mimi naamini aliogopa kweli.

Wewe pia naamini uliogopa kweli. Ndiyo maana nakuuliza bila kukuhukumu: katika miaka yote uliyokaa na bastola, imewahi kunyooshewa nani? Kwa ulivyoniandikia, mtu mmoja. Wale wanne wa 2019 walikujia dukani, jioni, unafunga. Bastola iko chini ya mto, nyumbani.

Na huo mto. Umeutaja haraka sana, kisha mistari mingi mbele ukataja mtoto wa miaka 5 anayekuja kulala katikati yenu akiota vibaya. Sijui kama uliyaandika ukiwa umeyaona pamoja. Mimi niliposoma nilisimama nikaenda kunywa maji. Risasi iko chemba, mtoto yuko shuka moja nayo. Haya mengine tutaongea na utaamua kwa nafasi yako, lakini hili nakuomba kama mama, leo kabla ya kulala: risasi itoke chemba, na silaha itoke kitandani iende inakofungiwa. Hilo halikuondolei umiliki wala heshima.

Baba yangu mzazi alikuwa na gobore, kule Sikonge, la kufukuzia nguruwe pori na ngedere shambani. Lilining'inia juu kwenye boriti, na baruti ilikaa nyumba nyingine, kwa bibi. Mwaka mmoja aligombana na jirani juu ya mpaka. Akaingia ndani ametoka mapovu mdomoni, akalishusha. Lakini gobore si bastola: uende kwa bibi ukaombe baruti, uimimine, utafute makumbi, ushindilie, utie goroli, ushindilie tena. Kabla hajafika kwenye goroli, mama alikuwa ameshamwita babu, na babu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda pale mlangoni anaomba maji ya kunywa. Baba ikabidi akamletee maji. Yule jirani baadaye ndiye aliyetuchimbia kaburi la baba.

Nimekumbuka gobore kwa sababu ya yule kijana wa bajaji. Usiku wa mwezi wa sita unaweza kuusimulia kama uoga, na watu watakuelewa. Foleni ya Gongo la Mboto hukuogopa chochote. Mkeo amelisema kwa maneno matatu, "yule hakuwa mwizi", na mimi siwezi kulisema vizuri zaidi. Sheria nayo inaitambua hasira ya ghafla: mtu aliyechokozwa akaua kabla hasira haijapata muda wa kupoa, kosa linaweza kushushwa kutoka kuua kwa kukusudia, ambalo hukumu yake ni kunyongwa, hadi kuua bila kukusudia. Imeshuka, lakini imeshukia gerezani, na yule kijana angekuwa amekufa kwa mkwaruzo wa rangi na tusi. Hukuitoa. Nataka ukumbuke na hilo, maana ni lako. Kitu fulani kilikuzuia. Lakini mkono ulikwenda wenyewe, na wewe mwenyewe umeandika "nilipojitambua". Swali langu ni hili: ungekuwa huna kitu kiunoni, ungeshuka kwenye gari? Wengine hushuka kwa sababu wanacho.

Sasa njia ulizonazo, na mashaka yake, maana hakuna isiyo na mashaka.

Unaweza kuirudisha kabisa, kwa utaratibu, kupitia kituo cha polisi cha wilaya yako, ukauliza namna ya kuikabidhi au kuihamisha umiliki kihalali. Mkeo atapumua. Lakini kama usingizi wako wote umeegemea chuma kile, kuna usiku utamwangalia mkeo kama mtu aliyekunyang'anya ngao, na kinyongo cha namna hiyo hukaa ndani ya ndoa kama maji chini ya zulia. Kama utairudisha, irudishe kwa sababu zako, usirudishe kwa sababu ya tarehe.

Unaweza kubaki nayo, ila ibadilishe makazi: kasha la chuma lenye namba lililofungiwa ukutani, risasi mahali pengine, na gari lisiione kabisa. Utaniambia mwizi hatasubiri. Kweli, hatasubiri. Unanunua dakika mbili, na dakika hizo zinaweza kukugharimu siku mwizi wa kweli akija. Siku akija mpwa, ndizo zitakazomwokoa. Wewe ndiye unayejua ni yupi amekwisha kuja. Na jambo jingine hukuligusa: majirani wote wanajua unayo, wamekuwa wakikupigia. Wapo wahalifu wanaovamia nyumba kwa ajili ya silaha yenyewe. Ikiibwa ikaenda kuua mtu huko Buza, polisi watakuja kwako.

Au unaweza kuiweka pembeni kwa muda, ukapime. Uliza kituoni kama wanaweza kukuhifadhia kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo, fedha ambazo ungelipia leseni na risasi, weka taa za sola uani, weka seng'enge, tafuta mbwa anayebweka, panga na majirani ulinzi shirikishi, na dukani acha kulaza mauzo ya siku tatu. Mwenye tochi kubwa na sauti ya "nani hapo?" hufukuza vibaka wengi. Hafukuzi wote, sitakudanganya.

Katika njia zote hizo, kuna safari moja ambayo ningependa uifanye. Mtu anayeamka saa nane usiku hata kukiwa kimya, harufu ya saruji ikimpandisha mapigo ya moyo, mkono ukienda kiunoni bila yeye kujua, huyo ana jeraha. Mlinzi wako alishonwa mkono hospitali. Wewe nani alikushona? Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hakuna anayekwenda pale akatoka na kibandiko cha kichaa. Waeleze kama ulivyonieleza, pamoja na bastola. Na kama kuna usiku umewahi kuishika ukajifikiria mwenyewe, waambie na hilo pia, usilifiche.

Mkeo. Marafiki wanasema anakuza mambo. Huyu ndiye mtu pekee aliyeuona uso wako siku ile kwenye foleni. Wewe mwenyewe hukuuona. Muulize aliona nini. Usijibu, sikiliza tu, hata ikichukua usiku mzima. Nadhani tarehe aliyokuwekea ni lugha ya mtu aliyekosa lugha nyingine, lakini inawezekana nimekosea na kweli ameshapanga mabegi. Ukimwuliza utajua. Mwambie pia kuhusu vumbi la saruji. Nina wasiwasi hajawahi kulisikia.

Dada yako sikushurutishi umwambie wiki hii. Ila kijana hakusema "sina shida" kwa sababu hana shida. Alisema kwa sababu wewe ni mjomba wake na anakula kwako. Anapaswa kusikia samahani kutoka kwako, mchana, mkiwa wawili, bila maelezo ya umeme kukatika wala sweta la kofia. Na kama dada yako atakuja kujua, ni heri ajue kwa mdomo wako kuliko kwa kijana siku amelewa au amekasirika.

Ukimfuata gereji, pitia kwanza kwa mchonga funguo. Geti lina ufunguo mmoja na anao mtu mmoja. Mchongee wake.